Benki ya nyumba ni mimi mpangaji

Kuna swali limeanza kunichosha. Zamani nilikuwa naulizwa "unaoa lini?" Nikaoa. Likafuata la "mtoto vipi?" Mtoto tukampata, anatimiza miaka miwili mwezi wa tatu. Sasa kila kikao cha harusi, kila msiba, kila nikikutana barabarani na mtu niliyesoma naye, swali ni lile lile: "Vipi, umeshajenga?" Ukisema bado, unatazamwa kwa ile huruma anayotazamwa mtoto aliyefeli darasa la saba. Halafu mahubiri yanaanza. Kwamba kupanga ni kumjengea mwenye nyumba. Kwamba heri chumba kimoja chako Chanika kuliko nyumba nzima ya mtu Sinza. Kwamba vijana wa siku hizi tunapenda simu kubwa na nyama choma kuliko maendeleo.

Jamani, leo naomba niyajibu mahubiri haya. Nimeyasikiliza kwa adabu kwa miaka minne na adabu sasa imeisha.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na mtu aliyejenga. Najua alivyobana, najua alivyoacha kula mchana ili anunue tripu ya mchanga. Ugomvi wangu ni na ule uongo unaoligawa jiji la Dar es Salaam mafungu mawili, wenye akili waliojenga na wazembe wanaopanga. Mimi nasema hivi, na asiyekubali anipinge: jiji hili linajengwa na wapangaji. Kila nyumba mpya unayoiona ikipandishwa Goba, Madale, Kivule, Chamazi au Kibada, uwezekano ni mkubwa kwamba sehemu ya nondo na saruji yake imetoka mfukoni kwa mtu ambaye hatalala humo hata usiku mmoja.

Nitaeleza kwa hesabu yangu mwenyewe, maana ya wengine siijui vizuri.

Napanga Tabata Segerea. Vyumba viwili, sebule, jiko, choo ndani, maji ya bomba siku yakitaka. Kodi ni Sh 300,000 kwa mwezi. Lakini hiyo "kwa mwezi" ni namna ya kusema tu, kwa sababu tangu nimeingia sijawahi kulipa mwezi. Nalipa miezi sita kwa mkupuo, 1,800,000 mkononi, hakuna risiti, kuna daftari la kaunta ambalo mzee analiandika mwenyewe na kulifungia kabatini mwenyewe. Novemba mwaka jana akanipigia simu.

"Kijana wangu, shikamoo zako nimezipata, asante. Sasa sikiliza, kuanzia mwakani tunakwenda kwa mwaka. Hii sita sita inanisumbua."

Nikamwuliza, "Mzee, inakusumbua vipi?"

Akacheka kicheko cha mtu mwenye nyumba. "Nina kibanda changu kule Mbezi Msumi, kimekaa boma mwaka wa tatu. Nataka nikipaue kabla ya masika."

Mnaona? Wala hakunificha. Mzee anahitaji mabati na mbao, benki haimpi, kwa hiyo ameniita mimi. Miezi kumi na miwili mara 300,000 ni Sh 3,600,000. Siku nikimkabidhi fedha hizo ninakuwa nimeishi ndani ya nyumba yake kwa siku sifuri. Yaani siku hiyo mimi ndiye ninayemdai, tena namdai mwaka mzima! Deni hilo litapungua kidogo kidogo kila ninapoamka asubuhi chini ya bati lake, mpaka liishe mwezi wa kumi na mbili, halafu nimkopeshe tena. Bila riba, bila dhamana, bila hata karatasi.

Nami fedha hizo nazitoa wapi? Hapa ndipo kichekesho kinapokolea. Mshahara wangu unaingia mwisho wa mwezi (kwenye magazeti yetu haya neno "mwisho" lina maana pana, tuliache). Hakuna anayenilipa kwa mwaka. Kwa hiyo nakopa. Nusu natoa kwenye kikoba cha mke wangu, kwa riba. Robo kwa rafiki. Kilichopungua nachukua kwenye zile programu za mikopo za kwenye simu, ambazo ukichelewa siku mbili zinampigia simu mpaka mchungaji wako. Nakopa kwa riba ili nimkopeshe mwenye nyumba bila riba. Halafu mtu ananiambia mimi sijui matumizi ya fedha.

Ukitaka kuhama ndiyo balaa zaidi. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake, na kabla ya hapo anataka hela ya kukuonyesha nyumba, elfu kumi, elfu ishirini, hata kama nyumba yenyewe imeshachukuliwa tangu wiki iliyopita na yeye anajua. Ongeza gari la kubebea vyombo. Ongeza rangi, maana unakuta kuta zina michoro ya watoto wa mpangaji aliyepita. Kijana mwenye familia akijumlisha hayo yote anaona milioni tano zimekwenda, na hajapata hata ufunguo wa ziada. Ndipo anapojisemea, heri nikanunue kiwanja. Hajasema hivyo kwa sababu ni mjanja. Amesema hivyo kwa sababu amefukuzwa.

Sasa tuulizane, hali hii ilianza lini? Wengi wetu tumezaliwa tukaikuta tukadhani ni mila, kama mahari.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1971 serikali ya Mwalimu ilipitisha sheria ya kutaifisha majengo. Jengo la kupangisha lenye thamani ya zaidi ya Sh 100,000 likawa mali ya umma. Enzi hizo mwenye nyumba wa kupangisha alikuwa kabaila, mtu wa kuimbiwa mchakamchaka. Leo tumegeuza kibao kabisa. Mwenye nyumba ndiye shujaa wa semina za ujasiriamali, na mpangaji ndiye mwenye dhambi. Sisemi turudi kutaifisha, maana tunajua majengo yale yalivyochakaa na jinsi funguo zake zilivyogawiwa kwa kujuana. Nasema tu kwamba hakuna lililoshushwa kutoka mbinguni katika utaratibu huu. Uliwekwa na watu, na watu wanaweza kuubadili.

Mwaka 1984 ikaja sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Ilikuwa na mabaraza ya nyumba na kiwango cha kodi. Wenye nyumba waliichukia, na kusema kweli walikuwa na hoja, kwa sababu ukibana kodi mpaka haitoshi kununua rangi, nani atajenga nyumba ya kupangisha? Sheria hiyo ikafutwa mwaka 2005. Sawa. Lakini badala yake tuliwekewa nini? Kuna vifungu vya upangaji ndani ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ambavyo sijakutana na mwenye nyumba wala dalali aliyevisoma. Kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo ukifika unakuta foleni ya watu wanaogombea mashamba ya urithi, wewe na miezi yako miwili ya kodi unaonekana umekuja kupoteza muda wa watu. Mpangaji wa kawaida hana mahali pa kwenda zaidi ya kwa mjumbe, na mjumbe mwenyewe ana vyumba vitatu vya kupangisha uani.

Upande wa pili kulikuwa na Benki ya Nyumba. Wazee wetu wengi wenye nyumba za maana walijengea mikopo ya benki ile. Ikafa mwaka 1995. Miaka kumi na mitatu baadaye, mwaka 2008, ikatungwa sheria ya mikopo ya nyumba, na mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya kuzipatia benki fedha za kutoa mikopo hiyo. Tukapiga makofi. Matokeo yake ni nini? Nchi ambayo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61 ina wenye mikopo ya nyumba maelfu machache tu. Hao wote ungeweza kuwakalisha kwenye jukwaa moja la Uwanja wa Mkapa na viti vikabaki.

Sababu si siri. Riba ya mikopo hiyo imekuwa ikitajwa kati ya asilimia 15 na 19. Chukua kikokotoo. Kopa milioni 50, ambazo kwa Dar ni nyumba ya kawaida kabisa ya pembezoni, kwa asilimia 17, ulipe kwa miaka 15. Rejesho ni kama Sh 770,000 kila mwezi, na ukimaliza umelipa zaidi ya milioni 138. Yaani umenunua nyumba yako na karibu nyumba mbili nyingine za watu usiowajua. Na kabla ya kukopeshwa wanataka hati, wakati sehemu kubwa ya jiji hili haina hati.

Kwa hiyo pengo lililoachwa na benki iliyokufa mwaka 1995 limezibwa na nani? Na mimi. Na wewe unayesoma hapa ukiwa kazini huku bosi wako akidhani unaandaa ripoti. Kodi ya mwaka ndiyo mkopo wa nyumba wa nchi hii. Mwenye nyumba ya kwanza anachukua kodi ya mkupuo, anajenga ya pili. Ya pili inapangishwa kwa mkupuo, inajenga ya tatu. Sisi ndio matawi, sisi ndio mabenki, ila hatuna gawio.

Nawasikia wenzangu mnasema, ndiyo maana tunakuambia ujenge! Haya, tujenge. Twende Chanika.

Nina rafiki, mwandishi mwenzangu, alihamia Chanika miaka mitatu iliyopita. Nyumba yake ni nzuri, siwezi kusema uongo. Vyumba vitatu, uwanja wa watoto kucheza, minazi miwili. Anaamka saa kumi alfajiri. Bodaboda mpaka kituoni, daladala mpaka Gongo la Mboto, nyingine mpaka mjini, zaidi ya kilomita 30, na siku ya mvua usimwulize. Jioni anafika saa tatu, saa nne. Mtoto wake wa mwisho anamwona akiwa amelala kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa. Siku moja aliniambia kwa utani, lakini macho yake hayakucheka, kwamba Jumapili mtoto alipoamka akamkuta sebuleni alimwita mama yake: "Mama, kuna mgeni."

Sasa naulizwa kwa nini sijajenga, wakati hakuna anayeuliza kwa nini nyumba ambayo familia yenye kipato cha kawaida inaweza kuimudu ipo mahali ambapo baba anakuwa mgeni. Dar es Salaam ilikuwa na watu 4,364,541 kwenye sensa ya mwaka 2012. Mwaka 2022 ikawa na 5,383,728. Ni watu milioni moja wa nyongeza kwa miaka kumi. Walikwenda wapi? Hawakwenda Upanga. Walikwenda Msongola, Majohe, Mbande, Mpiji Magohe, Mabwepande, mahali ambapo barabara inafika baada ya watu, maji yanafika baada ya barabara, na shule inafika watoto wakiwa wameshakuwa wakubwa. Simtanki inanunuliwa kabla ya kitanda. Ukipiga hesabu ya boza la maji, nauli za watu wawili na bodaboda za usiku, utakuta ile kodi uliyoikimbia bado unailipa, ila sasa unamlipa dereva.

Na hicho kiwanja chenyewe, unanunua nini hasa? Kwa sheria yetu ardhi yote ni mali ya umma, Rais ndiye mdhamini wake, na mimi na wewe tunapewa haki ya kuitumia. Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni karatasi. Ishirini kwa ishirini ya Kivule utauziwa kwa karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, mashahidi wawili upande wako, wawili upande wake, na asilimia kumi ya ofisi ambayo risiti yake sijawahi kuiona. Muhuri huo si hati. Haukuambii kama pale pamepangwa shule, au njia ya umeme mkubwa, au kama jana mtu mwingine amegongewa muhuri huo huo kwa kiwanja hicho hicho. Ndugu wa mke wangu alinunua eneo Mbondole, akaweka mawe ya msingi, akarudi baada ya mwezi akakuta msingi wa mtu mwingine umepandishwa juu ya mawe yake. Yule mwingine naye alikuwa na karatasi, naye ana muhuri. Wote wawili wamenunua kwa nia njema. Muuzaji hapatikani kwenye simu.

Halafu kuna Kimara. Mwaka 2017, tangu Kimara Stop Over mpaka Kiluvya, zilivunjwa nyumba zaidi ya elfu moja kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Eneo la hifadhi ya barabara pale lilihesabiwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara, kwa msingi wa sheria iliyoanzia enzi za mkoloni. Katika wale waliovunjiwa walikuwamo watu waliokuwa wameishi pale miongo kadhaa, wenye mita za umeme, bomba la maji, stakabadhi za kodi ya jengo. Yaani serikali ilikuwa inawatambua kila ilipofika zamu ya kukusanya. Barabara tunaipita leo, njia nane, kweli inapendeza. Lakini mtu akinihubiria kwamba kuwa na kwako ni usalama, mimi nakumbuka magodoro yaliyopangwa kando ya kifusi pale Kimara.

Serikali imejaribu, tusiwe watu wa kulaumu tu. Ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulitoa viwanja vilivyopimwa kweli, Bunju, Kibada, Gezaulole na kwingineko. Ila anayeweza kulipia kiwanja chote kwa mara moja si yule anayehangaika na kodi, na vingi vilikaa miaka vikiota majani vikisubiri bei ipande. Shirika la Nyumba, ambalo lipo tangu mwaka 1962, limejenga, lakini bei zake kijana mwenye mshahara wa laki saba anaziangalia kama anavyoangalia bei za ndege. Na mkitaka kuona ndoto ya nyumba za wafanyakazi ikiwa imesimama kwa miguu yake, ulizeni habari za ule mji wa Dege kule Kigamboni. Zilipangwa nyumba zaidi ya 7,000, kwa fedha za mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani makato ya mishahara yetu. Kazi ilisimama mwaka 2016, maghorofa yakabaki mifupa yakitazama bahari.

Kwa hiyo kule benki haiingiliki, kule Shirika halishikiki, kule pembezoni karatasi haiaminiki. Kinachobaki ni kupanga. Na kupanga si aibu! Ujerumani, nchi tajiri kuliko sisi mara nyingi, karibu nusu ya watu wanapanga na hakuna anayewauliza maswali kwenye kikao cha harusi. Tofauti ni kwamba kule mpangaji ana sheria nyuma yake. Hata tusiende mbali, hapo Nairobi tu, mpangaji wa kawaida analipa mwezi kwa mwezi, na mwanzoni anaweka dhamana ya mwezi mmoja au miwili. Sisemi Nairobi ni peponi. Ikifika tarehe tano hujalipa, msimamizi wa jengo anakugongea mlango, na kodi zenyewe zinatisha. Lakini kijana wa Nairobi aliyepata kazi leo anaweza kuhamia kwenye nyumba mwezi ujao bila kuuza shamba la baba yake. Wenye nyumba wa kule nao wanajenga, tena maghorofa. Hawajafa njaa.

Hapa nataka niwatendee haki wenye nyumba, kwa sababu najua wengine mnasoma. (Mama yangu mzazi anapangisha vyumba viwili Morogoro, kwa hiyo ugomvi huu unaingia mpaka mezani kwetu Krismasi.) Mama hoja yake ni hii: mpangaji wa mwezi kwa mwezi mwezi wa kwanza analipa, wa pili anasema mtoto anaumwa, wa tatu anapitia dirishani usiku. Kumtoa ni kazi. Ukimpeleka mbele, kesi inazunguka mwaka, na mwaka huo wote analala bure. Kwa mama yangu kodi ya mkupuo ni kinga. Yeye ni mwalimu mstaafu, nyumba ile ni kiinua mgongo chake chote kilichogeuzwa matofali.

Naikubali hoja hiyo nusu. Ni kweli kuna wapangaji matapeli. Lakini ona tunavyotibu ugonjwa. Kwa kuwa dola haiwezi kuamua kesi ndogo ya kodi kwa haraka, kila mpangaji mwaminifu analipishwa faini ya mwaka mzima kabla hajakosa. Dawa ya tapeli ni dhamana ya miezi miwili, na baraza linaloamua kwa siku thelathini, kwa pande zote mbili, mpangaji asiyelipa atoke na mwenye nyumba anayefukuza watu usiku aadhibiwe. Mama nilipomwambia hivyo alifikiri kidogo, akasema, "Hizo siku thelathini wakinionyesha nitakubali." Mimi naona huyo ni mtu tunayeweza kukaa naye meza moja.

Najua pia kwamba sheria peke yake haitoshi. Ghana wana sheria tangu mwaka 1963 inayokataza kudai kodi ya zaidi ya miezi sita mbele. Nenda Accra uone, wapangaji wanadaiwa miaka miwili na wanalipa, kwa sababu nyumba ni chache na hakuna anayetaka kwenda kushtaki. Kwa hiyo mbunge akisimama na kusema "tupige marufuku" halafu akakaa, hajanisaidia. Nataka kujua nani atasikiliza malalamiko yangu, ofisi yake iko kata gani, na nikishashtaki nitaendelea kulala wapi.

Tena wasituambie kwamba Mtanzania hawezi kulipa kidogo kidogo. Serikali yenyewe imethibitisha kwamba anaweza. Kodi ya jengo ilikuwa inadaiwa kwa mwaka, watu wakawa hawalipi, foleni zinapangwa siku ya mwisho. Agosti 2021 wakaihamishia kwenye LUKU, Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Inakatwa kimya kimya ukinunua umeme. Na inakatwa kwa nani? Kwa anayenunua umeme, ambaye ni mpangaji! Tuliambiwa mpangaji na mwenye nyumba watamalizana wenyewe. Mimi nimejaribu kumalizana na mzee wangu kuhusu hizo 18,000 za mwaka. Akaniambia, "Kijana wangu, umeme si unawasha wewe?" Yaani jengo lake, kodi yake, mita yangu.

Kwa hiyo mwezi kwa mwezi unawezekana pale serikali inapochukua, ila hauwezekani pale mpangaji anapotaka nafuu. Watu wanatuma ada, michango, sadaka, mahari kwa simu. Mama lishe anapokea kwa simu. Kodi ya nyumba tu ndiyo inataka bahasha ya kaki na daftari la kaunta.

Nimeamua kufanya kitu kimoja, na mke wangu ameafiki ingawa anaogopa. Nimemwandikia mzee barua. Barua ya karatasi, ya heshima, nimeanza na shikamoo kama inavyotakiwa. Nimemwambia nitamlipa miezi mitatu mitatu, kwa simu, ili kila mmoja abaki na kumbukumbu, na nitaweka dhamana ya mwezi mmoja ambayo atanirudishia siku nikitoka, kama sijavunja kitu. Nimeomba mkataba wa maandishi wa miaka miwili, wenye kodi isiyobadilika. Zile 18,000 nimezitaja pia, mwishoni, kwa mwandiko mdogo kidogo. Na nimemwambia wazi kwamba bati la Msumi namtakia heri, lakini sina uwezo wa kuliezeka.

Nimeipeleka Jumatatu. Leo Ijumaa hajajibu. Ila jana jioni, mke wangu anasema, kuna kijana alikuja na watu wawili, akasema ametumwa na mzee kuangalia bomba la jikoni. Bomba hakuligusa. Wale wawili walikuwa wakiangalia vyumba.